Mgeni wa Mto Gura

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni maneno ya ukarimu, na mwenye nyumba ayasemapo hutumaini kwamba ugeni utamletea heri. Lakini yako mambo mawili ambayo methali hiyo haiyatamki. La kwanza ni hili: nani aliyemkaribisha mgeni? La pili ni hili: ni mwenyeji yupi aliyepona? Kwa maswali hayo mawili nataka tuichunguze historia ya mgeni mmoja asiye na miguu wala sauti, ambaye amekaa katika mito ya Nyeri kwa muda wa zaidi ya miaka 100. Mgeni huyo ni samaki aitwaye trauti.

Huenda msomaji akacheka, akasema kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba, wala si habari za samaki. Na asicheke upesi. Wafalme hupita, na mikataba hutiwa kabatini ikaliwa na mende. Lakini kiumbe aliyetiwa mtoni huzaa, na kizazi chake hubaki kikishuhudia mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Atakaye kujua jinsi nchi ya Mlima Kenya ilivyotawaliwa, jinsi ilivyogawanywa, na jinsi inavyotumiwa leo, anaweza kujifunza mengi kwa kumfuata samaki huyu mmoja toka yai hadi sahani.

Kwanza tuitazame nyumba yenyewe. Mji wa Nyeri umekaa kati ya milima miwili. Upande wa mashariki uko Mlima Kenya, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,199. Upande wa magharibi iko safu ya Nyandarua, ambayo Wazungu waliiita Aberdare, na kilele chake kirefu kimepita mita 4,000. Mvua na ukungu wa milima hiyo hunywewa na msitu kama maziwa yanywewavyo na mtoto, kisha hutolewa polepole katika chemchemi zisizohesabika. Ndizo zizaazo mito ya Gura, Chania, Thego, Sagana, Ragati na Thiba, ambayo maji yake huishia katika Mto Tana. Na mito ya Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Sirimon, ambayo hugeukia kaskazini ikaingia katika Ewaso Ng'iro. Maji ya mito hiyo huko juu ni baridi, maangavu, na yenda mbio juu ya mawe na changarawe.

Katika sehemu za juu za mito hiyo samaki wa asili walikuwa haba, na mahali pengine hawakuwako kabisa, kwa sababu maporomoko marefu huwazuia samaki wa chini wasipande. Wala wenyeji hawakuona upungufu wowote. Wakikuyu wa zamani walikuwa wakulima na wafugaji. Samaki hakuwa chakula chao, na wengi walimwona kuwa kitu cha kuchukiza, cha jamii moja na nyoka. Mto kwao ulikuwa maji ya kunywa, ya kunyweshea mifugo na ya kumwagilia mimea, na tena ulikuwa mpaka baina ya mgongo mmoja wa nchi na mgongo wa pili. Basi swali letu la kwanza limekwisha kupata nusu ya jawabu: si mwenyeji aliyemwita mgeni huyu.

Aliyemwita alikuwa mlowezi. Waingereza walijenga boma lao Nyeri mwaka 1902. Muda si muda wakaja watu waliopenda hali ya hewa ya nchi hii kwa sababu iliwakumbusha kwao. Waliona mito iliyofanana na mito ya Scotland, wakasikitika kwamba haina samaki wa Scotland. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Afrika Kusini hata Misri, aliagiza mayai ya trauti wa rangi ya kahawia kutoka Loch Leven, ziwa lililoko Scotland, ili yatiwe katika Mto Gura.

Hapa mwanafunzi ana haki ya kuuliza: yai la samaki lawezaje kusafiri toka Ulaya, kuvuka bahari yenye joto, na kufika Ikweta likiwa hai? Jawabu lake ni mfano mzuri wa elimu ya viumbe. Yai la trauti halina haraka yake lenyewe. Haraka yake ni ya maji. Katika maji ya nyuzi 10 za Selsiasi laweza kuanguliwa baada ya majuma machache tu. Lakini katika maji yanayokaribia kuwa barafu laweza kungoja zaidi ya siku 100. Tena liko wakati maalumu, macho meusi ya kiumbe yanapokwisha kuonekana ndani ya ganda, ambapo yai huwa na nguvu na huvumilia kuchukuliwa. Hila, basi, ni kulifanya yai lilale usingizi wa baridi mpaka mwisho wa safari.

Hila hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa mapema. Mwaka 1864 meli iliyoitwa Norfolk ilichukua mayai ya samaki kutoka Uingereza mpaka Australia, na kutoka huko yakapelekwa kisiwa cha Tasmania. Yalikuwa yamelazwa ndani ya visanduku, katikati ya kuvumwani, yaani majani mafupi mororo yaotayo juu ya mawe penye unyevu, na visanduku hivyo vikawekwa chini ya barafu. Mengi yaliharibika, lakini kiasi kilichopona kilitosha kuanzisha kizazi. Tangu hapo Waingereza walimsambaza trauti kila walikoweka bendera yao penye maji baridi: New Zealand, milima ya Bara Hindi, Afrika Kusini, na mwisho Kenya.

Mwaka 1905 reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Nyanza, lakini tawi la kuja upande wa Mlima Kenya lilikuwa halijajengwa bado. Mzigo wa kwenda milimani ulisafiri vichwani na mabegani mwa wachukuzi. Jina la Grogan limeandikwa katika vitabu; majina ya waliokuwa wakichukua mizigo ya nchi hii katika siku zile hatuyasikii. Hii ni kasoro ya historia nyingi, nasi tuitambue kila tuikutapo: kitabu humtaja aliyeagiza, kikamwacha aliyebeba.

Na kwa kuwa tumemtaja Grogan, haifai tumtaje kwa tendo moja. Mwaka 1907, miaka miwili tu baada ya mayai yake kuwasili, mtu huyu aliwapiga viboko Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, hadharani, akijifanya mshtaki, hakimu na mpiga viboko kwa pamoja. Akahukumiwa kifungo kifupi. Sisemi haya ili kumlaani samaki kwa makosa ya mtu. Nasema ili ieleweke kwamba samaki na kiboko vilikuja katika msafara mmoja. Mkono uliolilinda yai lisidhurike katika safari ya maelfu ya maili ndio mkono uliowachapa wenyeji wa nchi. Historia ya kweli haichagui mojawapo ya mambo hayo. Huyaweka yote mawili mezani, ikamwachia msomaji ayapime.

Mgeni wa pili alifika mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Huyu ni trauti wa upinde wa mvua, aitwaye hivyo kwa ule mstari mwekundu na wa zambarau ung'aao ubavuni mwake. Asili yake hasa ni mito ya magharibi ya Marekani iingiayo katika Bahari ya Pasifiki, kwa hiyo naye alikuwa msafiri wa nchi ya tatu. Alistawi upesi, akapelekwa katika mito mingi ya Mlima Kenya, na hata katika maziwa madogo ya juu kama Ziwa Ellis, mahali ambapo maji ni baridi ya kukata vidole.

Sasa tuangalie jinsi samaki hao walivyovuliwa, kwa maana chombo cha kazi hueleza tabia ya mwenye kazi. Mvuvi wa pwani ya kwetu hutupa mshipi wenye ndoana, chambo na chubwi, akangoja. Mvuvi wa ziwa kubwa hupiga makasia au hutweka tanga, akauburuta mshipi nyuma ya mashua ili samaki adhani kwamba chambo ni mwenzake anayekimbia. Lakini katika mto wa mlimani hapana haja ya mashua, kwa sababu maji yenyewe ndiyo yaendayo. Mvuvi husimama ukingoni au huingia mtoni mpaka magotini, akarusha juu ya maji nzi wa bandia, aliyefungwa kwa manyoya ya ndege na nyuzi za hariri juu ya ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Trauti aliye chini ya jiwe humwona nzi huyo akipita, naye huruka ghafula kama mshale.

Vyombo hivyo vilikuwa vya thamani, na vilihitaji utunzaji. Fimbo ya kuvulia ya siku zile ilitengenezwa kwa mianzi ya China iliyopasuliwa vipande virefu vya pembe tatu, sita kwa idadi, vikagandishwa kwa gundi kuwa fimbo moja yenye pembe sita, kisha vikapakwa vanishi. Unyevu ukipenya chini ya vanishi, gundi huachia na fimbo hupinda; kwa hiyo haikuwekwa mfukoni mwake kabla ya kukaushwa, wala haikuachwa imeegemea ukuta. Viungo vya shaba vilipanguswa visiingie mchanga. Mshipi ulikuwa wa hariri iliyotiwa mafuta; kila jioni sharti ukunjuliwe wote kutoka katika gurudumu lake, uanikwe mahali pa kivuli, la sivyo ungeoza ndani kwa ndani na kukatika siku ya samaki mkubwa. Ncha ya mshipi ilikuwa uzi mwembamba uliovutwa kutoka katika tezi za kiwavi wa hariri, ambao ukiwa mkavu huvunjika kama unyasi, ukiwa umeroweshwa huwa mgumu kama waya. Baada ya Vita Kuu ya Pili nailoni ilikuja ikaondoa taabu nyingi kati ya hizo.

Katika utunzaji huo mna fundisho, nalo halihusu Wazungu wala Waafrika peke yao. Mvuvi wa Nyanza asipoikalafati mashua yake, yaani asipoziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, mashua humzamisha. Mkulima asiponoa jembe hulima mara mbili. Chombo humtumikia amtumikiaye. Hata nzi wale wa manyoya wamekuwa kazi ya Wakenya: ufundi uliokuja pamoja na walowezi umeshikwa na mikono ya wenyeji, na mpaka leo nzi wa bandia wanaofungwa kwa mkono nchini Kenya huuzwa Ulaya na Marekani, wakatumiwa katika mito ambayo mafundi wenyewe hawajapata kuiona.

Lakini fimbo na nzi havikuwa vyombo tu. Vilikuwa pia sheria. Katika mito ya trauti ilitakiwa leseni, nyavu zilikatazwa, na njia ya halali ilikuwa fimbo, mshipi na nzi wa bandia. Kwa upande mmoja sheria hiyo ilikuwa ya busara, kwani mto mdogo ukitupiwa nyavu humalizika kwa msimu mmoja. Kwa upande wa pili ilikuwa ukuta. Mwenye fedha za kununulia fimbo na leseni alikuwa mlowezi au afisa. Na kijana wa kijijini ambaye angetia mnyoo katika ndoana na kumvua samaki katika mto uliopita chini ya shamba la babu yake, huyo angeitwa mwizi. Mto uliokuwa wa kila mtu ukapata mlango, na ufunguo wake ukawa mfukoni mwa wachache. Haya yalikwenda sambamba na habari ya ardhi, maana katika miaka hiyo hiyo nchi za Naro Moru na Nanyuki zilikuwa zikigawiwa Wazungu, na wenyeji wakiwekewa mipaka ya hifadhi zao.

Ili tuelewe vizuri zaidi hatari ya kuhamisha viumbe, tushuke kidogo kutoka mlimani, tuyatazame maziwa makubwa ya Kenya. Mwaka 1929 samaki wa Marekani aitwaye besi alitiwa katika Ziwa Naivasha, naye pia kwa ajili ya mchezo wa wavuvi wa fimbo. Tena katika miaka ya 1950 sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, alitiwa katika Ziwa Nyanza. Kwa muda alinyamaza. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliongezeka kwa kishindo. Alileta viwanda, fedha na biashara ya nchi za nje, lakini alikula samaki wadogo wa asili, na aina nyingi mno kati yao, ambazo hazikuwa zikipatikana penginepo duniani, zikatoweka. Leo wataalamu wa viumbe wamewaandika trauti wa kahawia, trauti wa upinde wa mvua, besi na sangara, wote wanne, katika orodha moja ya viumbe 100 wavamizi wabaya kabisa duniani. Katika mito yetu ya juu trauti hakuwakuta samaki wengi wa kuwaangamiza. Lakini wadudu wa majini, kaa wa mtoni na vyura walimkuta yeye, nao hawakuwa na adui wa namna hiyo kabla yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na samaki akimwagwa mtoni hazoleki vilevile.

Tuurudie mlima wetu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha vituo viwili vya samaki. Kimoja kilikuwa Sagana, mahali penye maji ya vuguvugu, kwa ajili ya perege na jamaa zake. Cha pili kilikuwa Kiganjo, karibu na Nyeri, kwa ajili ya kutotolea mayai ya trauti na kulea vifaranga vya kutiwa mitoni. Mwaka 1949 ikatangazwa Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya, na mwaka 1950 ile ya Aberdare. Katika muda huo huo koloni lilimjengea Binti Mfalme Elizabeth nyumba ya zawadi ya arusi kando ya Mto Sagana. Humo ndimo alimopewa habari, tarehe 6 Februari 1952, kwamba baba yake amefariki na kwamba yeye sasa ni malkia. Baada ya uhuru nyumba hiyo ilikuwa nyumba ya Serikali ya Kenya.

Miezi minane tu baada ya siku hiyo, mwezi wa Oktoba 1952, ilitangazwa Hali ya Hatari. Msitu wa Nyandarua na msitu wa Mlima Kenya ukafanywa eneo lililokatazwa, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Wapigania uhuru walikunywa maji ya mito ile ile ambayo wavuvi wa leseni walikuwa wakisimama kwa raha. Vijijini watu walilazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu ili kuwatenga na ndugu zao. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa mwezi wa Februari uliofuata. Fikiri, ewe msomaji: katika miaka hiyo samaki wa kigeni alikuwa na ruhusa ya kukaa msituni, na mtoto wa nchi hakuwa nayo.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilirithi reli, ofisi, mashule, na trauti. Swali likawa: tumfanyeje mgeni huyu? Hapa methali ya pili yatufaa: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Serikali mpya haikumfukuza, bali ilianza kumpa kazi. Katika miaka ya 1960 wananchi walihimizwa kula samaki ili wapate protini, na wakulima wakashawishiwa kuchimba mabwawa. Mazoea ya chakula hayabadiliki kwa amri, na mabwawa mengi ya wakati ule yaliishia kuwa makao ya vyura na majani. Hata hivyo mbegu ilikuwa imepandwa. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo ya uchaguzi 140, na katika vituo vidogo vya kutengenezea samaki vilivyojengwa baadaye, kimoja kiliwekwa Tetu, katika Nyeri, na kingine Imenti Kusini, katika Meru. Samaki wa mabwawa hayo aghalabu ni perege na kambare. Lakini penye maji baridi, kama kandokando ya Mto Burguret katika njia ya Nanyuki, trauti hufugwa na kuuzwa mezani. Mjukuu wa mzee aliyemdhania samaki kuwa nyoka sasa humkaanga na kumla kwa ugali, tena hupata karo kwa kumuuza.

Basi je, mwenyeji amepona? Ningependa kusema ndiyo, tukafunga kitabu. Lakini liko jambo moja ambalo mgeni huyu hulijua kuliko sisi, na ndilo kubwa kuliko yote niliyokwisha kusema.

Trauti hawezi kusema uongo juu ya maji. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kutaabika, na yakizidi hapo sana hufa, kwa sababu maji ya joto hayachukui hewa ya kutosha pumzi yake. Matope yakifunika changarawe, mayai yake hukosa hewa yakaoza. Mto ukikauka hata wiki moja, kizazi cha mwaka mzima hupotea. Kwa hiyo mahali alipo trauti pana msitu juu yake, pana kivuli ukingoni, na pana chemchemi isiyochoka. Mahali alipokuwako jana na leo hayuko, yuko mtu aliyekata, aliyelima mpaka ukingoni, au aliyeyateka maji yote kwa mabomba na mifereji kabla hayajawafikia wa chini.

Na hayo yametokea. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya liliupima msitu wa Mlima Kenya kutoka angani, likaona miti ya asili imekatwa ovyo, matanuri ya makaa yakifuka moshi, na hata mashamba ya bangi yamefichwa katikati. Mwaka uliofuata msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa chini ya ulinzi wa shirika hilo. Upande wa Naro Moru na Nanyuki wakulima wa juu na wafugaji wa chini wamegombana mara nyingi kwa sababu ya maji ya Ewaso Ng'iro, na sheria ya maji ya mwaka 2002 ilifungua njia ya kuundwa vyama vya watumiaji wa maji ili wakae pamoja na kugawana kwa haki. Barafu ya mlima nayo imepungua sana kuliko ilivyoonwa na wapandaji wa kwanza.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, katika nchi hii hii ya mito. Katika kitabu cha maisha yake kiitwacho Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, ameeleza habari za mugumo na kijito alivyovijua utotoni, na jinsi alivyokuja kuukuta mti umekatwa ili kupandwa chai, na kijito kimekauka. Mizizi ya mti ule ndiyo iliyokuwa ikiyafungulia maji njia ya kutoka chini ya mwamba. Mwaka 1977 alianzisha Shirika la Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani. Watu wengine walishangaa kuona mpanda miti akipewa tuzo ya amani. Anayejua habari za mito hashangai. Watu wasiokuwa na maji hawana amani.

Basi sasa twaweza kulijibu swali letu kwa ukamilifu. Mgeni alikaribishwa na wachache kwa ajili ya furaha yao, akalindwa kwa sheria iliyowaweka wenyeji nje ya mlango, akarithiwa na taifa huru, akapewa jembe. Kupona kwa mwenyeji, hata hivyo, hakukutoka kwa samaki, wala hakukutoka kwa aliyemleta. Kutatoka kwa namna mwenyeji mwenyewe atakavyoitunza nyumba. Mvuvi wa zamani aliukausha mshipi wake kila jioni, kwa sababu alijua kwamba ukioza leo, hasara itaonekana kesho. Mto ni mshipi mrefu kuliko huo. Ncha yake moja imefungwa katika mizizi ya msitu, na ncha ya pili katika bomba la shule yenu, katika mashamba ya mpunga ya Mwea, na katika mitambo ya umeme ya Mto Tana. Ukioza upande mmoja, hukatika kwa wote.

Ninyi vijana msomao insha hii, wengi wenu mtapata siku moja kuwa wakulima, maafisa, wahandisi au walimu, na kila mmoja ataletewa mgeni wake: mbegu mpya, mtambo mpya, samaki mpya, desturi mpya. Msimkatae kwa kuwa ni mgeni, wala msimpokee kwa kuwa ni mgeni. Muulizeni maswali matatu kabla hajavuka kizingiti: Umeletwa na nani? Umeletwa kwa faida ya nani? Na ukishakaa, ni nani hataweza kukaa tena? Mwaka 1905 hapana mtu wa Nyeri aliyepewa nafasi ya kuyauliza hayo katika ukingo wa Mto Gura. Ninyi mnayo.